SAHANI YA BIBI: UHAKIKI WA SHAJARA MBILI

Utangulizi

Ndugu msomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kuhakiki vitabu vyenye jalada, jina la mchapishaji na bei yake. Leo naomba ruhusa nihakiki vitabu viwili ambavyo havijapata kuuzwa. Cha kwanza ni daftari la Bibi yangu mzaa baba, aliloliandika kati ya mwaka 1975 na 1986 kijijini kwetu, upande wa Mbozi. Cha pili ni shajara yangu mwenyewe, niliyoiandika Tunduma wakati wa likizo ndefu iliyopita, nikiwa namsaidia mama dukani.

Najua wapo watakaouliza: je, shajara ni fasihi? Swali hilo ni halali, lakini limechelewa. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, nasi tunayasoma tangu yalipochapishwa mwaka 1902 na 1903. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, akaandika pia Wasifu wa Siti binti Saad. Hakuna anayevifukuza vitabu hivyo darasani. Kama maisha ya mfanyabiashara wa pembe na ya mshairi mkubwa yanahakikiwa, sioni kwa nini ya mkulima wa kahawa yabaki ndani ya sanduku la bati.

Makala haya yana lengo la kulinganisha shajara hizo mbili kimaudhui na kifani. Hoja yangu ni moja tu, nayo nimeifikia kwa hasara: katika maandishi ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, namna alivyosema ndiyo alichokisema. Anayemsahihisha anamfuta.

Mwandishi na wakati wake

Bibi hakusoma shule utotoni. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi alikuwa tayari mama wa watoto wanne. Alianza kisomo baadaye kidogo, jioni, baada ya shamba, akiwa na mtoto mgongoni. Kufikia mwaka 1975 aliweza kuandika jina lake, na inaonekana hakutaka kuishia hapo. Ukurasa wa kwanza wa daftari umejaa jina lake peke yake, limerudiwa mara ishirini na mbili. Ukurasa wa pili unaanza na siku: "Jumatatu. Mvua."

Msomaji asitafute jina la Mkoa wa Songwe katika daftari hilo. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakawa Vwawa. Kwa Bibi, Songwe ni mto. Lakini reli ya TAZARA imo, maana ndiyo kwanza ilikuwa inamalizika. Yeye anaiita "treni ya Mchina", na anaitumia kama saa. Ikipita, anaandika kilichotokea kabla na baada.

Mimi nimezaliwa na kukulia Tunduma mjini. Saa yangu ni malori. Foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo ikiwa ndefu, duka la mama linauza maji, soda na vocha mpaka usiku. Foleni ikikatika, tunakaa tukitazamana. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, lakini foleni kwa mwenye duka si habari ya gazetini. Ni chakula.

Maudhui

Dhamira ya kwanza inayojitokeza ni nafsi. Kabla sijaanza uhakiki huu niliamini kwamba shajara yangu ina "mtu" ndani yake na ya Bibi haina. Yangu imejaa hisia: nimechoka, nimekata tamaa, nahisi sieleweki. Nikafanya hesabu ndogo. Katika ukurasa mmoja wa shajara yangu neno "mimi" limetokea mara kumi na saba, na watu wengine waliotajwa ni wawili, mmoja wao akiwa kondakta. Katika ukurasa mmoja wa Bibi neno "mimi" halimo kabisa, ila wametajwa watu tisa: nani amekuja, ameleta nini, ameondoka na nini, mtoto wa nani anaumwa.

Sasa, ni yupi kati yetu mwenye nafsi? Jibu jepesi ni kwamba wazee waliishi kijamaa nasi tunaishi kibinafsi. Jibu hilo silitaki, limechoka. Nikiangalia kwa makini naona kwamba Bibi yumo katika kila sentensi, lakini amesimama mahali pa anayetazama. Anayetazama ndiye anayeamua nani aandikwe. Kuna jirani mmoja ambaye jina lake linakoma ghafla mwaka 1980 na halirudi tena. Hakuna tusi wala lawama. Amefutwa tu. Jamani, hiyo ni nafsi yenye nguvu kuliko "nahisi sieleweki" yangu.

Dhamira ya pili ni deni. Bibi anaandika madeni kwa debe, kwa kilo, kwa siku za kulimiana: "Mama wa kisimani siku mbili za palizi. Bado moja." Deni kwake lina uso, lina nyumba, na linalipwa kwa jasho lile lile lililolizaa. Mimi nami nina madeni katika shajara yangu. Nilikopa kwenye simu nikalipia chakula, nikakopa pengine ili nilipe kule kwa kwanza, na kila asubuhi naamshwa na ujumbe wa kudaiwa ulioandikwa na mashine. Mama mmoja wa jirani na duka letu ameingia kwenye mikopo ile inayoitwa "kausha damu", analipa kila siku jua likizama. Simsifu Bibi hapa kwa kuwa maisha yake yalikuwa mazuri. Hayakuwa. Nasema tu kwamba alimjua anayemdai, na aliweza kumwambia "njoo kesho" huku akimkaribisha chai.

Dhamira ya tatu ni mpaka, na hapa tofauti ilinishangaza. Dada yake Bibi aliolewa upande wa Nakonde. Bibi alikwenda kumtazama karibu kila mwaka, na kila mara anaandika maneno yale yale: "Nimekwenda kwa dada." Neno Zambia halimo. Neno mpaka halimo. Mstari ule uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 ulipita katikati ya koo za Wanyamwanga na Wanyiha, lakini haukupita katika daftari la Bibi. Shajara yangu kwa upande wake imejaa mpaka: nimevuka, nimerudi, kwacha imepanda, kwacha imeshuka, leo wamekagua mizigo. Ninaishi mita chache kutoka upande wa pili na ninauandika kama nchi ya mbali. Yeye alitembea kilomita nyingi na akauandika kama uani kwa dada.

Fani

Muundo wa daftari la Bibi ni wa moja kwa moja: siku, hali ya hewa, watu, kazi. Mtindo wake ni wa sentensi fupi. Tahajia yake ina makosa yanayotokana na lugha mama: "baluwa" badala ya barua, "lafiki" badala ya rafiki. Lakini "kulima" hakulikosea hata mara moja. Neno hilo lilikuwa lake tangu zamani.

Ufupi huo unafika kilele katika maandishi ya siku moja ya mwaka 1977, ambayo nayanukuu yote: "Mtoto amekufa. Mvua."

Basi. Siku inayofuata anaendelea na palizi.

Sasa naomba nikiri. Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee. Nililichukua daftari kwa shangazi, nikalinakili lote kwenye kompyuta, na nilipokuwa nanakili nikawa "nasahihisha". Kwanza tahajia tu. Halafu vituo. Halafu, kwa kuwa niliona aibu kupeleka chuoni maneno makavu kama yale, nikaanza kumpamba. Maneno yale mawili na moja niliyageuza hivi: "Siku hiyo ya majonzi makubwa mwanangu mpendwa aliiaga dunia, na mvua ikanyesha kana kwamba mbingu nazo zililia." Nilipata alama nzuri. Pembeni iliandikwa kwamba Bibi ana kipaji cha tashihisi.

Bibi hakuwa na tashihisi yoyote pale. Mbingu hazikulia. Mvua ilinyesha kwa sababu ilikuwa masika, na mvua ikinyesha siku ya msiba kaburi linajaa maji, wachimbaji wanasubiri, na mbegu zilizomo ardhini haziwasubiri. Neno "Mvua" kwa Bibi lilibeba yote hayo. Mimi nilikuja na mbingu zangu za kuazima nikalifukuza.

Sahani

Kosa hilo la kwanza liliniumiza mimi peke yangu. La pili liliwagusa watu wengine.

Babu alifariki mwaka 1981. Baada ya hapo daftari linaanza kumtaja shemeji. "Shemeji amekuja. Amekunywa chai." Wiki mbili baadaye: "Shemeji amekuja tena. Chai." Mwaka 1983 peke yake amekuja mara kumi na moja, na kila mara kilichoandikwa ni chai. Mhakiki asiyejua desturi atadhani ni ukaribu wa ndugu. Anayezijua atasikia mjane anayezungukwa, ambaye shemeji anataka kumrithi yeye pamoja na kahawa na bonde. Kila kikombe cha chai kile ni hapana iliyosemwa kwa adabu. Sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizompa mwanamke haki sawa na mwanamume, zilikuwa bado mbali.

Kisha, mwaka 1984, Bibi anaandika: "Nimempa jirani bonde kama sahani. Mpaka watoto wakue."

Wakati nanakili niliitazama sentensi hii nikaona haina maana. Bonde kama sahani? Nikadhani anasema bonde ni la bapa. Tashibiha mbovu, nikasema, nikaifuta. Isitoshe, insha yangu ilihitaji dhamira, na dhamira niliyokuwa nimekwisha kuichagua kabla ya kusoma ilikuwa "ukarimu wa mwanamke wa Kiafrika". Nikaandika: "Nimemkabidhi jirani yangu shamba la bondeni ili watoto wapate kukua." Safi kabisa. Sarufi haina doa.

Baba aliipenda insha ile. Alitoa nakala akaigawa kwa jamaa, na moja ikafika kwa familia ya jirani. Mwaka jana baba na shangazi walipotaka kulirudisha bonde, wenzetu walikuja kwenye kikao na karatasi mkononi. Kijana wao akasoma kwa sauti, akasema: "Mjukuu wake mwenyewe, msomi wa chuo kikuu, ameandika hapa amekabidhi. Kukabidhi ni kukabidhi. Sasa mnataka nini?" Baba alinigeukia. Sikuwa na la kusema. Kitenzi kilikuwa changu.

Shangazi ndiye aliyeingia ndani akafungua sanduku la bati. Daftari lilipoletwa niliambiwa nilisome mimi, labda kwa kunionea huruma, labda kwa kuniadhibu. Nikasoma kama lilivyo, na makosa yake. Nilipofika "kama sahani", bibi mmoja aliyekaa mkekani upande wa pili, mke wa jirani yule wa zamani, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema: "Hayo maneno ni yake. Nilikuwepo."

Akaeleza. Jirani akikuletea chakula, unakipokea pamoja na sahani, lakini sahani si yako. Utaila siku hiyo, utaiosha, utairudisha. Bibi alimwendea usiku, akamwambia kuwa shemeji hatamnyang'anya jirani kitu ambacho tayari kinalimwa. Bali bonde likikaa tupu, asubuhi moja litakutwa lina jembe la mtu. Kwa hiyo "nakupa kama sahani". Wote wawili walielewa.

Msomaji ataona kwamba tashibiha niliyoifuta kwa ubovu ndiyo iliyokuwa mkataba. Ndani ya maneno mawili mlikuwa na aina ya umiliki, muda wake na adabu yake.

Siwezi kusema kesi imekwisha. Yule bibi alimaliza kwa kusema kwamba sahani hairudi tupu, na kila mtu pale alijua anasema nini: familia yao imepanda miparachichi bondeni, na imeshaanza kuzaa. Wao wanasema miti hiyo ni jasho lao. Baba anasema ndicho kilichowekwa juu ya sahani. Shangazi anasema tuwalipe. Hilo bado linazungumzwa. Lakini tangu siku ile linazungumzwa kwa lugha ya Bibi, si kwa lugha ya insha yangu, na watu wanaamkiana.

Waliotangulia kusahihishwa

Yaliyomkuta Bibi yaliwahi kuwakuta wanawake wengine wa ukanda huu huu. Mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa Wasafwa, aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa na vita vya karne ya 19 kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Mmoja wao anajulikana kama Bibi Narwimba. Mwingine ana majina matatu, Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga, na majina yenyewe ni safari. Mwanahistoria Marcia Wright aliyaleta masimulizi hayo kwa Kiingereza, na mwaka 1993 yakawa sehemu ya kitabu chake kuhusu watumwa na wanawake wa Afrika Mashariki na Kati.

Narwimba alipofiwa na mume alimwomba mpwa wa marehemu amchukue awe mkewe, ili apate ulinzi. Bibi yangu, karibu miaka mia baadaye, alifanya kinyume: alimkwepa mrithi, akatafuta ulinzi kwa jirani. Lakini swali lililowakabili lilikuwa moja. Mjane atasimama nyuma ya nani? Tippu Tip katika maisha yake anahesabu pembe. Wanawake hawa wanahesabu watoto na watu wa kukimbilia. Anayetaka kuijua historia ya nyanda hizi asome hesabu zote mbili.

Tunawashukuru waliowaandika Narwimba na Chisi, maana bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini tukumbuke kwamba maneno yao yalitoka kinywani, yakaingia Kijerumani, yakaingia Kiingereza, nasi wajukuu tunayasoma huko. Ni sahani ngapi zimevunjika njiani? Zamani ningemlaumu mzungu haraka. Sasa naona haya kidogo, kwa sababu mimi nilivunja ya Bibi yangu, kwa Kiswahili, nikiwa nimekaa kwa shangazi nakunywa chai.

Kufaulu na kutofaulu

Bibi amefaulu kutumia maneno machache kubeba mambo mazito. Amefaulu pia kuandika historia bila kuitangaza: kisomo, reli, uhaba wa sabuni na sukari wa miaka ya themanini, yote yamo, kila kitu kwa kiasi kilivyogusa jiko lake.

Hata hivyo hajafaulu kila mahali, na sitamtetea kwa kuwa ni Bibi. Ukimya wake mara nyingine unafunika mno. Kuhusu kuhamia kijiji kipya hakuna neno, na siamini kwamba halikuwa jambo. Kuhusu ndoa yake mwenyewe hakuna neno. Msomaji anabaki akigonga mlango ambao hautafunguliwa.

Shajara yangu imefaulu kusema wazi, jambo ambalo Bibi hakuruhusiwa. Nikiogopa naandika naogopa. Imeshindwa kwa kuwa imejaa maneno ambayo yangeweza kuandikwa na kijana yeyote wa mji wowote. Nimetafuta humo sentensi moja ambayo miaka arobaini ijayo mtu akiisikia mkekani atasema, "hayo maneno ni yake". Sijaiona.

Hitimisho

Darasani tumezoea kubishana: wapo wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni chai, na wapo wanaosema viwili hivyo ni pande mbili za sarafu moja. Mimi nilikuwa nakariri upande wa sarafu kwa ajili ya mtihani, huku kalamu yangu ikifanya kazi ya upande wa kikombe. Nilidhani naweza kumimina maana ya Bibi katika chombo kizuri zaidi nikatupa kile cha zamani. Chombo kile ndicho kilichokuwa na jina la mwenyewe.

Naiomba idara, na nawaomba wenzangu watakaorudi makwao likizo hii, tuyakusanye madaftari haya kabla panya hawajayakusanya. Yapo, nina hakika: ya hesabu za kahawa, ya mikutano ya kwaya, ya madeni. Tuyanakili na makosa yake, "baluwa" ibaki "baluwa". Mwenye kutaka kueleza aeleze pembeni, kwa mkono wake, ajulikane kuwa ni yeye.

Insha yangu ya zamani nimeiomba irudishwe. Daftari nimelirudisha kwa shangazi, na ndani yake nimeweka nakala mpya, niliyoiandika kwa mkono, herufi kwa herufi. Nimekumbushwa kuwa sahani hairudi tupu.